Kigingi cha Kumi na Tisa

Ilikuwa saa sita na dakika kumi na saba mchana, Jumamosi, kaka yangu aliponyoosha kidole ukutani akasema, "Kile pale, cha tatu kutoka dirishani. Hicho ndicho changu." Nina hakika na saa kwa sababu juu ya kaunta palikuwa na saa kubwa ya duara, na mimi hutazama saa kila ninapohisi kuna jambo halijakaa sawa. Alichokuwa akinionyesha ni kikombe cha udongo chenye mkono, kimetundikwa kwenye ndoano katikati ya vikombe vingine vingi, kila kimoja na jina la mwenyewe chini yake.

Tulikuwa kwenye kilabu cha pombe katika vilima vya Maryland, mbele sana ya Frederick, karibu saa mbili kwa gari kutoka kwangu Langley Park. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika maili kadhaa nyuma. Nje ni mashamba ya mahindi, ghala jekundu la nyasi, ng'ombe weusi, na barabara mbili zinazokutana bila taa. Hakuna duka wala kituo cha mafuta. Jengo lenyewe ni la mawe na mbao, na linamilikiwa na wakazi wa pale pamoja na watu wachache wa mbali waliouziwa hisa. Kaka yangu ni mmoja wa hao wa mbali. Anaishi Bowie, ana kazi ya serikali na nyumba yenye nyasi zinazokatwa kila Alhamisi, na kwa mwaka mzima alikuwa akinisumbua. "Sista, lazima ukapaone. Ni pa wananchi wenyewe, hakuna bosi." Nilimkumbusha kwamba sinywi. Akasema watanipa juisi ya tufaha.

Walinipa kweli. Mama wa kaunta, mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja, alinimiminia bilauri kubwa akaanza kunieleza historia ya mahali pale. Mwenye kilabu wa zamani alizeeka. Akatokea mnunuzi aliyetaka kupageuza ukumbi wa harusi. Watu wa pale wakakaa kikao, wakachangishana, wakanunua wao. Mtu haruhusiwi hisa zaidi ya moja. Mwenye hisa akifa, kikombe chake hubaki ukutani hadi mtu wa kwake aje. Alinieleza haya taratibu, kama unavyomweleza mgeni jambo ambalo kwao haliwezi kuwepo, na pembeni yake palikuwa na gazeti lililowekwa kwenye fremu likisifu ubunifu huo.

Nikamwambia, "Kwetu tuna kilabu kama hiki. Bibi yangu alikuwa na kikombe."

"Kweli?" akasema, akaacha kufuta kaunta. "Na hicho kilabu bado kipo?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Kaka akaniwahi, na alimjibu yeye, hakunitazama mimi: "Kiliuzwa mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa sita.

Rafiki yangu unayesoma, ningeweza kukusimulia moja kwa moja tulichoambiana baada ya hapo. Lakini hutaelewa hasira yangu kama hujui kilichouzwa, kwa hiyo nivumilie nikupeleke kwanza.

Kijiji chetu kiko Nyanda za Juu Kusini, upande wa Njombe, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka zimevaa barafu nyembamba na watoto huenda shule wamekumbatia viazi vya moto kifuani. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai mbali na nyumbani, hivyo mimi na kaka tulilelewa na bibi, mama yake baba. Kilabu chetu hakikuwa kijijini. Kilikuwa juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa nusu saa kutoka nyumba ya karibu, mahali njia tatu za miguu zinapokutana. Kilijengwa huko kwa makusudi. Vitongoji vitatu vilitaka kiwe mbali sawasawa na kila kimoja, asiwepo wa kusema ni cha kwao. Vilevile watu wazima walitaka ulevi uwe na safari, ili mtu awe na nusu saa ya baridi ya kumrudishia akili kabla hajafika kwa mke wake.

Kuta zilikuwa za tofali mbichi. Kila nyumba iliyofyatua tofali ilipigilia kigingi chake ukutani, cha mti ilioutaka yenyewe, na juu ya kigingi ilitundika kikombe cha mwanzi. Vigingi vilikuwa arobaini na vitatu. Cha kumi na tisa, ukianzia mlangoni kwa mkono wa kulia, kilikuwa cha bibi. Alipokwenda kufyatua tofali alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na wanaume wakamwambia mjane atanywea kwenye kikombe cha shemeji yake. Bibi alifyatua tofali mia tatu peke yake. Kisha akakata kikombe, akakichoma na chuma cha moto alama mbili zinazopishana, akakitundika bila kumuuliza mtu.

Kinywaji kilikuwa ulanzi, utomvu wa mianzi. Mvua zikianza, mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga, hufunga chini yake kibuyu cha mwanzi kiitwacho mbeta, kisha hurudi asubuhi na jioni kuukata tena kidogo ili usizibe. Ukipita kwenye shamba la mianzi alfajiri, kabla ndege hawajaamka, unasikia matone tu, pande zote, kila mbeta na sauti yake kulingana na ilivyojaa. Ulanzi wa siku ileile ni mtamu na mwepesi. Huo tuliuita togwa, nao ulikuwa wetu watoto. Ukilala siku mbili unakuwa mkangafu, huo wa wakubwa, unaokwaruza koo na kunukia kama unga uliochacha. Pamoja nao tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu ya miti ya miwati, mahindi mabichi, maharage yaliyokaukia chunguni, na mwezi wa kwanza mafyulisi, pichi za kwetu, yaliyoiva hadi juisi ikatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Kazi yangu Jumamosi ilikuwa kuosha vikombe. Nilivitoa vyote, nikavisugua kwa majivu na maji ya moto, nikavianika kwenye mkeka, kisha nikarudisha kila kimoja kwenye kigingi chake. Majina hayakuandikwa. Nilikuwa na miaka sita na nilizijua alama zote arobaini na tatu kabla sijaijua herufi moja. Siku moja nilibadilisha viwili. Bibi aliingia, akatazama ukuta muda mrefu, akaniambia bila ukali, "Umemhamisha mtu kwake." Nilitafuta kosa langu hadi nikalipata, na tangu siku ile sikukosea tena. Ninapofungua mashine ya kufulia leo, maana hiyo ndiyo kazi yangu, natengeneza mashine za kufulia kwenye majengo ya kupanga, napanga skrubu juu ya kitambaa kwa mpangilio zilivyotoka. Vijana ninaofanya nao kazi hunicheka. Hawajui nani alinifunza.

Mwalimu wa darasa la nne naye alikuwa na kigingi, ingawa hakunywa. Chake kilikuwa kikombe cha chai. Alikuja Jumamosi na magazeti yaliyochelewa wiki mbili, akasoma kwa sauti, nao wakabishana naye kana kwamba habari zile ameziandika yeye. Aliposhikwa na kikohozi alinipa mimi nisome. Wagema na wakata miti walikaa kimya kumsikiliza mtoto wa kike akijikwaa kwenye neno "mfumuko". Nafasi ya sekondari sikuipata. Nilichonacho kichwani nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na vya kuokota, na nikitafuta shule yangu ilikuwa wapi, jibu ni lile jengo ambalo mabwana maendeleo waliokuja na magari waliliita kilabu cha walevi.

Walevi walikuwepo, sitaki kukudanganya. Lakini palikuwa na utaratibu. Taa ilitiwa mafuta ya bilauri moja tu. Yakiisha, kilabu kimefungwa, hata kama wimbo uko katikati. Aliyempiga mkewe kikombe chake kiligeuzwa mdomo chini mwezi mzima, na kila aliyeingia alikiona. Mgonjwa akizidiwa, machela ilitoka kilabuni na wabebaji walitoka kilabuni. Bati la shule yetu lilitoka kilabuni. Na palikuwa na sheria moja kuu kuliko zote: mwenye kikombe ukutani ana sauti. Mtu akifa, kikombe hakiguswi. Siku ndugu yake akija, humiminiwa togwa, hunywa, hukisuuza, hukirudisha kigingini, na nyumba ile inaendelea. Kikombe kikitolewa kisirudishwe msimu mzima wa mvua, basi nyumba imehama. Bibi aliposikia watu wakinung'unika kuhusu nani ana haki na nani hana, alikuwa akisema, "Kikombe kikiwa ukutani, sisi tupo," akaendelea kumenya viazi.

Nilijua sheria hiyo. Nataka uniamini katika hili, maana ndipo hasira yangu inapouma zaidi. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Mimi na kaka tulisafiri pamoja, nilipewa ruhusa ya siku tisa kazini, tano zikaishia njiani. Siku ya mwisho tulipanda kilimani. Ulikuwa wakati wa kiangazi, kilabu kimefungwa, na mzee mwenye ufunguo alikuja kutufungulia. Paa lilikuwa limelegea upande mmoja. Vikombe vilikuwa vimepungua, vingine vimekuwa vya plastiki. Nilikitazama kikombe cha bibi, nikakiona kimezungukwa na vigingi vitupu, na nikashikwa na huruma ya kijinga ya mtu anayeishi mbali. Nilimwambia yule mzee nakitaka.

Akaniuliza, "Unakichukua, au unakiazima?"

Nikamjibu, "Nakichukua."

Akakitungua akanipa kwa mikono miwili. Nilidhani ananiuliza kwa adabu tu. Kaka alikuwa mlangoni, alisikia. Usiku ule yeye ndiye aliyekiviringisha ndani ya sweta lake kisije kikapasuka ndani ya sanduku. Kwa miaka minne kimekaa juu ya rafu sebuleni kwangu, karibu na dirisha linalotazama ujenzi wa reli usiokwisha, na wageni wakiuliza ni nini nilisema kwa majivuno, ni cha bibi yangu.

Sasa turudi kilimani Maryland. Nilimwacha mama wa kaunta, nikatoka. Kaka alinifuata hadi penye gari.

"Ulijua tangu mwezi wa tatu," nikamwambia.

"Walinitumia meseji. Nilikuwa bize, sista."

"Miezi mitatu?"

"Na ningekuambia ungefanya nini? Ungepanda ndege kwa ajili ya kilabu cha ulanzi?"

"Ningekirudisha kikombe kwa posta."

Akacheka. "Kikombe kwa posta. Wangeki-scan airport wakadhani ni bangi."

Sikucheka. Nilimuuliza kama siku ile mlangoni alilisikia swali la mzee. Akasema alilisikia. Nikamuuliza kwa nini hakunigusa hata bega.

"Nilidhani unajua unachofanya. Wewe ndiye mtaalamu wa mambo ya bibi, mimi kila siku naambiwa nimesahau kwetu."

"Na hapa umelipia kikombe ukatundika."

"Hapa ni tofauti. Hapa kuna katiba, kuna mwanasheria. Kule kuna nini? Vikombe ukutani."

"Na hapa kuna nini?" nikasema, nikamwonyesha dirisha.

Alitazama. Vikombe vilionekana vizuri kutoka pale nje, safu kwa safu. Akaanza kutafuta funguo za gari mifukoni, na zilikuwa mkononi mwake.

Nilipanda barabara kwa miguu hadi juu, kando ya makaburi ya kanisa dogo, ambako simu ilipata mtandao. Nikampigia shangazi, binti wa mwisho wa bibi, ambaye hajawahi kuhama kijijini. Kwao ilikuwa saa mbili usiku. Niliisikia redio, halafu nikaisikia ikizimwa.

"Kamwene, mwanangu. Umeshaambiwa," akasema. Hakuuliza.

Alinisimulia kwa mpangilio, na ninakuandikia hivyohivyo. Alitokea mfanyabiashara wa mjini anayetaka kujenga baa yenye televisheni na vyumba vya kulala wageni. Mwenyekiti wa kijiji alimtetea. Kikao kiliitishwa kilabuni katikati ya msimu wa ulanzi. Vikombe vilivyobaki ukutani vilikuwa thelathini. Kura hupigwa hivi: anayekubali hugeuza kikombe chake mdomo chini, anayekataa hukiacha. Vilipohesabiwa, kumi na tano vilikuwa chini, kumi na tano juu.

"Nikasimama," shangazi akasema. "Nikasema nyumba yetu haijasema. Mwenyekiti akaniuliza, kikombe chenu kiko wapi? Nikasema kiko Amerika. Watu walicheka, mwanangu. Hata waliokuwa upande wetu walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, ningefanyaje."

"Halafu?"

"Halafu akasema, basi nyumba yenu imehama. Sheria si ya kwangu, ni ya mama yenu. Kura zimelingana, mimi mwenyekiti naamua."

Mwenyekiti yule hajawahi kuwa na kikombe pale, wala baba yake. Miaka yote alisema desturi zile ni za ujinga, za kuwarudisha watu nyuma, na siku moja tu aliyoihitaji desturi aliikumbuka neno kwa neno. Nakasirika nikimfikiria, lakini siwezi kumkasirikia peke yake. Yeye aliokota kisu. Mimi ndiye niliyekiacha mezani, nikijiona mjukuu mwema.

Nilimuuliza shangazi kwa nini hakuniambia. Akasema hakutaka niumie nikiwa peke yangu nchi za watu. Nilimuuliza kigingi kiko wapi. Akasema alikwenda kukiomba siku walipobomoa ukuta, akakuta wafanyakazi wameshapikia ugali vigingi vyote. Kisha yeye akaniuliza, "Kikombe kiko salama?"

"Kiko."

"Unakinywea nini?"

"Sikinywei, shangazi. Kiko kwenye rafu."

"Mwanzi haukai mkavu," akasema. "Loweka hata kwa maji ya bomba."

Njiani hadi Langley Park kaka aliuliza jambo moja tu, kama nasikia joto. Nilipanda ngazi, nikakishusha kikombe, nikakijaza maji, nikakiweka ndani ya sinki. Nilikuwa navua viatu niliposikia tone. Halafu jingine. Ufa ulikuwa upande wa nyuma, uliogeukia ukuta, kuanzia mdomoni hadi kwenye alama ya bibi, mwembamba kama unywele. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko nikasikiliza. Ile sauti naijua. Ni sauti ya shamba la mianzi alfajiri, mimi nikiwa nyuma ya bibi, nguo yangu imelowa umande hadi magotini, na yeye akinyanyua kila mbeta na kuisikiliza kabla ya kuitazama.

Watu hunipa pole kwa kuniambia kwamba vitu vya zamani hufa vyenyewe. Hiki hakikufa chenyewe. Nimeona kwa macho yangu kitu cha aina ileile, katika nchi tajiri, kikipewa fremu na mwanasheria na makala gazetini, na mdau wake mmoja akiwa mtoto wa nyumba yetu. Kule kwetu kilikuwa na paa lililolegea na vikombe thelathini, na bado kilisimama kwa nusu ya sauti. Kilikosa sauti moja. Ilikuwa kwangu, imefutwa vumbi kila Jumapili.

Shangazi alinipigia siku iliyofuata kuniambia jambo alilolisahau. Kamati ilipogawa pesa za mauzo, iliitolea nyumba yetu fungu sawa na la wengine, kwa huruma, kwa heshima ya bibi, ingawa hatukuwa tena na haki. Zilikuwa zimetumwa kwa kaka tangu mwezi wa nne. Sikumpigia kumuuliza. Nadhani shangazi alimpigia, kwa sababu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya mashine ya kufulia, simu ililia mfukoni. Ilikuwa nusu yangu ya lile fungu, imetumwa na kaka, bila salamu: dola ishirini na moja na senti kumi na tano.